Mpeni Mama Saa Yake na Kiwanja Chake



Ukizungumza juu ya mazoezi ya mwili mbele ya akina mama wa Dzaleka, jibu la kwanza mara nyingi ni kicheko. Mama aliyetoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni atakuuliza: "Mazoezi gani tena? Haya ninayofanya tangu alfajiri yanaitwaje?" Swali hilo ni la haki. Lita 20 za maji ni kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mama anayekwenda safari tatu kwa siku amekwisha kubeba kilo 60 kabla hajafua, hajapika wala hajamwogesha mtoto. Wahamasishaji wengi wa afya hulipita swali hili haraka na kuanza kuonyesha picha za mazoezi. Ni afadhali tulijibu kwanza, maana katika jibu lake ndimo tutakapoona mazoezi ya akina mama yawe ya namna gani, na kwa nini vikundi vingi huanza kwa shangwe na kufa baada ya mwezi mmoja.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Malawi, pamoja na Shirika la Afya Duniani, ilifanya uchunguzi juu ya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Ilionekana kwamba ni kama mtu mmoja tu kati ya kumi asiyetumikisha mwili wake vya kutosha. Katika uchunguzi huo huo, karibu mtu mmoja kati ya watatu alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zisome tena namba hizo mbili kwa pamoja. Watu wa nchi hii wanatembea, wanalima na wanabeba mizigo, na bado presha imewafikia. Sababu zake ni nyingi: chumvi, umri, unene, pombe, urithi wa ukoo. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mama wa hapa kwamba ugonjwa wake umetokana na uvivu.

Maoni yangu ni haya. Mama wa kambini hakosi kutumikisha mwili. Anachokosa ni saa moja ambayo mwili wake haumtumikii mtu mwingine, na mahali pa kuitumia saa hiyo pamoja na wenzake. Vitu hivyo viwili, saa na mahali, haviko mikononi mwake peke yake. Viko mikononi mwa baba wa nyumba, mama mkwe, kiongozi wa mtaa, mchungaji, shehe, na vijana wanaocheza mpira. Ndiyo maana makala hii haiwahusu akina mama tu.

KAZI NA MAZOEZI SI KITU KIMOJA

Kazi ya kubeba hukandamiza. Shingo inasimama wima chini ya mzigo, mgongo unabanwa, kiuno kinauma upande ule ule anaokaa mtoto. Kufua na kupalilia humkunja mama kwa mbele muda mrefu. Misuli ile ile hutumika kila siku kwa namna ile ile, na mingine husahaulika kabisa: misuli ya tumbo baada ya kujifungua, misuli ya chini inayozuia mkojo, misuli ya nyuma ya mabega. Mazoezi yaliyopangwa vizuri hunyoosha kilichokunjwa na kuamsha kilicholala. Tena kazi haimwulizi mama kama amechoka. Katika mazoezi ana ruhusa ya kusimama, kucheka na kuacha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020. Linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, yaani kama nusu saa au zaidi kwa siku tano, shughuli ya kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Mama mjamzito na aliyejifungua, asiye na tatizo la kiafya, naye ameshauriwa angalau dakika 150. Sharti la mwongozo wa mwaka 2010, kwamba ni lazima uende dakika kumi mfululizo ndipo ihesabiwe, limeondolewa. Kila mwendo unahesabika. Kwa hesabu hiyo akina mama wengi wa hapa wamekwisha kufaulu mtihani kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini wako akina mama wa namna ya pili, na tusiwasahau. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, kwa ajili ya watu elfu kumi au kumi na mbili. Leo tuko zaidi ya elfu hamsini. Mnamo Mei 2023 wenye mamlaka walianza kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini, na wengi wao walikuwa na maduka na biashara ndogo ndogo Lilongwe. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake juu ya haki ya kufanya kazi na ya kwenda utakako. Mnalijua jambo hilo kuliko ninavyoweza kulieleza. Ninachotaka kuonyesha hapa ni alama yake mwilini. Mama aliyekuwa akisimama dukani kutwa, akienda sokoni kuchukua mzigo na kurudi, siku moja alijikuta amekaa mbele ya chumba kimoja, hana duka, hana shamba, hana pa kwenda. Mwili uliozoea mwendo umesimama ghafla. Miguu inavimba, usingizi unapotea usiku na kuja mchana, na mwenye presha au sukari anaona vipimo vinapanda.

Mama wa kwanza anabeba mno, wa pili hatembei. Ukiwaandalia wote zoezi moja la kukimbia kuzunguka kambi, wa kwanza utamwongezea uchovu na wa pili utamwumiza magoti. Wote wawili watakaa vizuri katika kikundi kinachoanza taratibu kwa kujinyoosha na kutembea, kikaenda kwenye mchezo, kikamalizia kwa kukaa chini na kuongea.

MAWAZO YA MAMA NA AFYA YA NYUMBA

Hapa kwetu hatusemi mtu ana ugonjwa wa huzuni. Tunasema ana mawazo. "Mama fulani siku hizi ana mawazo mengi." Haoni njaa, hasikii mtoto akilia, anasahau siku ya kliniki, anagombana na jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Mawazo hayo hayaishii kwake. Watafiti waliowapima akina mama na watoto wao wachanga katika kliniki ya wilaya ya Thyolo, kusini mwa nchi hii, waliandika mwaka 2008 kwamba watoto wa akina mama wenye dalili za msongo na huzuni walikuwa wafupi kuliko watoto wa wenzao. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kusema kipi kilitangulia: pengine huzuni ilimzuia mama kulisha vizuri, pengine mtoto asiyekua ndiye aliyemhuzunisha mama. Yote mawili yanawezekana katika nyumba moja. Lakini yeyote anayesimamia mizani ya kupimia watoto angefanya vizuri kumtazama na mama usoni.

Mwendo wa mwili unasaidia mawazo. Jambo hili limechunguzwa sana, ingawa zaidi katika nchi tajiri, na Shirika la Afya Duniani limeliweka katika maelekezo yake kwa watumishi wa afya wanaomhudumia mtu mwenye huzuni ya muda mrefu: pamoja na mengine, ahimizwe kurudia shughuli zake na kuutumikisha mwili. Mtu aliyechoka mwili kwa namna nzuri hulala, na akishalala anaweza kuvumilia mengi. Wazazi mnajua kwamba kofi la jioni mara nyingi halitokani na kosa la mtoto. Linatokana na uchovu wa mchana kutwa usiokuwa na mapumziko hata kidogo. Mama aliyepata saa ya kucheka na wenzake anarudi nyumbani na subira iliyoongezeka, na watoto wanaijua tofauti hiyo kabla hajafungua mlango.

Tusidanganyane lakini. Kuruka kamba hakufuti yaliyotokea Fizi, Uvira au Cibitoke. Mama anayefikiria kujiua, anayesikia sauti, au asiyeweza kuamka kitandani kwa siku nyingi apelekwe kituo cha afya leo hii, na asindikizwe. Wala mazoezi si dawa ya mume anayepiga. Huyo anahitaji hatua nyingine, na mama ana haki ya kwenda kwa wahudumu wa ulinzi bila kuomba ruhusa nyumbani.

Kuna nguvu nyingine katika kikundi ambayo haimo ndani ya zoezi lenyewe. Magharibi ya hapa kuna Mchinji, wilaya iliyoko upande wa pili wa Lilongwe, kwenye mpaka wa Zambia. Huko mradi uitwao MaiMwana uliwakutanisha akina mama wa vijijini katika vikundi, wakajadili matatizo ya uzazi na kutafuta wenyewe la kufanya. Mwaka 2013 matokeo ya Mchinji yaliunganishwa na ya tafiti nyingine za Malawi, India, Nepal na Bangladesh, saba kwa jumla. Pale ambapo angalau theluthi moja hivi ya wajawazito walishiriki vikundini, vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu nusu, na vya watoto wachanga kwa kama theluthi. Vikundi hivyo havikuwa vya mazoezi. Akina mama walikaa na kuongea tu. Na uangalie hilo sharti la idadi: kikundi cha watu watano wenye bidii katika mtaa wa watu elfu kadhaa ni kizuri kwa hao watano, basi.

Ndiyo maana nasisitiza kile kipande cha mwisho, cha kukaa chini. Mama asiyeweza kumwaga ya moyoni mbele ya mgeni mwenye kalamu na fomu ataanza kuongea akiwa anafuta jasho, macho yakiwa kwa watoto.

JAMBO TUNALOONA HAYA KULISEMA

Mama mmoja haji kwenye kikundi, na sababu haisemi. Akiruka, akikohoa au akicheka sana, mkojo unamtoka. Basi anakaa nyumbani, na watu wanasema anaringa.

Akina mama, hali hii ni ya wengi, hasa waliozaa mara kadhaa, na mara nyingi hutengenezeka kwa zoezi lisilohitaji uwanja wala viatu. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja. Shikilia ukihesabu hadi tano, legeza, pumzika, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ukiwa umekaa, umelala au umesimama kwenye foleni ya maji, hakuna atakayejua. Usifanye zoezi hili wakati wa kukojoa kwenyewe. Ukizoea, ongeza hesabu mpaka kumi. Usitegemee matokeo kwa wiki moja. Jipe miezi mitatu.

Ila tutofautishe. Kama mkojo au choo kinatoka bila kukoma, usiku na mchana, tangu ulipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu, hiyo ni fistula. Ni tundu, na hakuna zoezi linaloliziba. Linazibwa kwa upasuaji. Hospitali ya Bwaila mjini Lilongwe ina kituo maalumu cha kutibu fistula. Nenda kituo chetu cha afya ueleze wazi, ili uandikiwe rufaa. Mama aliyejificha miaka kumi kwa sababu ya harufu anaweza kurudi kukaa na watu. Kama wewe unayesoma huna shida hii, yawezekana jirani yako anayo, na hajui kusoma.

Kwa aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida, kutembea taratibu na lile zoezi la kukaza vinaweza kuanza baada ya siku chache, kadiri anavyojisikia. Aliyefanyiwa upasuaji asubiri mpaka apimwe, kwa kawaida kama wiki sita, kabla ya kuruka au kuinua vitu vizito, na hapo wale wanaomtuma maji wiki ya pili wajue wanafanya nini. Mjamzito akiona damu au maji yanatoka, akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au kichwa kikali, aache mara moja na aende kliniki.

CHAKULA NA MAZIWA

Wasomaji wengi wataniuliza: mnatuambia turuke, na chakula kiko wapi? Nanyi mnalo neno. Kipimo kinachotumika kupanga msaada wa chakula duniani ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mama anayenyonyesha anahitaji kama 500 zaidi ya mahitaji yake ya kawaida. Msaada wetu umepunguzwa mara kadhaa katika miaka hii ya karibuni. Kwa hiyo programu yoyote ya mazoezi inayokuja hapa kwa nia ya kupunguza unene wa akina mama wote kwa pamoja imekosea kambi.

Mazoezi yawe mepesi na ya muda mfupi kwa mama aliyekonda. Mama ambaye mkono wake ulipimwa kwa ule utepe wa rangi akaambiwa hana lishe ya kutosha, au aliyeambiwa ana upungufu wa damu, aje kikundini, akae, ajinyooshe, aimbe, ashike watoto wa wenzake, lakini asikimbie mpaka apate nafuu. Kumfukuza ni kosa, maana yeye ndiye anayehitaji watu kuliko wote. Na katika vikundi hivi kuwe na maji ya kunywa.

Juu ya maziwa, wapo wanaoamini kwamba mama akikimbia maziwa yake yanachacha au yanakuwa ya moto na kumdhuru mtoto. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha habari za akina mama waliokuwa wakinyonyesha na kufanya mazoezi ya dakika 45, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Maziwa hayakupungua, na watoto waliongezeka uzito sawa na wengine. Hao walikuwa akina mama wenye chakula cha kutosha, nami nisingependa kuwahamisha na kuwaleta Dzaleka bila kulitaja hilo. Kwa mazoezi ya wastani, hata hivyo, hofu ya kuchacha haina msingi. Mnyonyeshe kabla ya kuanza ili kifua kiwe chepesi, na ukimaliza jifute jasho ndipo umpe tena.

NANI ABEBE NDOO SIKU HIYO?

Sasa nawageukia akina baba. Kikundi cha akina mama hakifi kwa sababu ya uvivu. Kinakufa kwa sababu saa ya mazoezi ni ile ile saa ya maji, ya kuni na ya kupika. Mama akienda, anarudi kukuta kazi yote inamsubiri, na giza limeingia. Siku ya tatu anaona hasara, siku ya nne haendi.

Baba, kuna siku mbili kwa wiki. Maji ya siku hizo yachote wewe. Najua katika makabila yetu mengi mwanamume mwenye ndoo kichwani atachekwa. Basi baiskeli ipo, na dumu mbili nyuma ya baiskeli hakuna anayezicheka. Tumeona wanaume wakibeba hivyo maji ya kuuza, tena kwa fahari. Maji ya nyumbani kwako yana aibu gani zaidi? Na kama huna kazi, jambo ambalo kwa wengi wetu si kosa lao, basi saa moja ya kukaa na watoto wako haitakupunguzia heshima. Watoto watakukumbuka kwayo.

Mama mkwe naye ana neno katika nyumba zetu. Anaweza kusema, "Sisi tulizaa tisa bila kuruka ruka." Ni kweli, shikamoo mama. Lakini ninyi mlizaa mkiwa na shamba, na shangazi na dada wa kuwashikia watoto, na mlicheza ngoma katika kila harusi na kila mavuno. Ngoma ile ilikuwa mazoezi yenu, na mliifanya kwa saa nyingi kuliko tunavyoomba sisi. Binti mkwe wako hapa hana shamba wala shangazi.

Makanisani tayari tuna kitu. Tazama kwaya ya akina mama Jumapili: hatua mbele, hatua nyuma, kuinama, kugeuka, mikono juu, wimbo baada ya wimbo. Ukiwauliza watasema hawajafanya mazoezi yoyote. Wachungaji, mkiruhusu mama asiye mwimbaji ajiunge siku za mazoezi ya kwaya kwa ajili ya kucheza tu, mtakuwa mmeanzisha programu ya afya bila kuomba fedha kwa mtu yeyote.

Kwa ndugu zetu Waislamu, suala la sitara ni la msingi na halina haja ya ubishi. Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, tarehe 1 Januari kila mwaka ni siku ya mazoezi ya viungo kitaifa, na vikundi vya wanawake waliojisitiri hutembea na kukimbia barabarani. Tanzania Bara nako, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, naye akiwa mwanamke mwenye ushungi. Wanaopendelea faragha, kama dada zetu wengi wa Kisomali, wanaweza kutumia ua uliozungushwa, mwalimu akiwa mwanamke.

Warundi wanajua mbio za vikundi kuliko sisi sote. Asubuhi za mwisho wa wiki Bujumbura, makundi yalikuwa yakikimbia huku yakiimba. Wanajua pia kwamba Machi 2014 mbio za makundi zilizuiwa mitaani na kuruhusiwa viwanjani tu, kwa sababu za kisiasa. Kwa hiyo mama wa Kirundi akisita kukimbia na kundi linaloimba, usimlazimishe wala usimwulize sana. Mpe mchezo mwingine.

MPIRA WA PETE

Mchezo huo upo, na tumezungukwa nao. Ni mpira wa pete, ambao Wamalawi huuita mpira wa mikono kwa lugha yao. Katika nchi hii ni mchezo wa wanawake hasa, na karibu kila shule ya msingi ina milingoti yake miwili. Timu ya taifa, inayoitwa Malkia, ilishika nafasi ya 5 katika mashindano ya dunia ya mwaka 2007, na ya 7 mwaka 2023; Uganda nao mwaka huo walikuwa wa 5. Ukiwatafuta wanawake wa Afrika wanaoogopwa duniani kwa mchezo, anza hapa, kwa majirani zetu.

Kwa mama aliyezaa mchezo huu una faida. Huruhusiwi kukimbia na mpira mkononi, na ni lazima uutoe ndani ya sekunde tatu, kwa hiyo hakuna kukumbana wala kupigana miguu. Unakwenda mbio fupi, unasimama, unapumua. Kila mmoja ana sehemu yake ya kiwanja. Mwenye nguvu kidogo huwekwa golini. Vitenge havikatazwi. Watu saba kwa saba wanacheza, na waliobaki wanashangilia na kushika watoto. Ufundi wake unajulikana na akina mama wa vijiji vya Dowa vinavyotuzunguka, ambao tunagawana nao kituo cha afya na soko. Wakialikwa watakuja kutufundisha, na huenda tukajua majina yao, jambo ambalo foleni ya kliniki haijatuwezesha.

Tunafika kwenye kiwanja, na hapa patakuwa na maneno. Kiwanja kamili cha mpira wa pete ni mita 30 na nusu kwa mita 15 na robo. Ndani ya uwanja mmoja mkubwa wa kandanda vinaingia viwanja kumi na zaidi vya namna hiyo. Hata hivyo kila jioni uwanja wote ni wa wavulana, na mama akipita na mtoto anapigiwa filimbi atoke. Sina ugomvi na kandanda. Vijana wasipocheza tutajuta. Naomba kona moja, siku mbili, saa moja. Viongozi wa mitaa wanaweza kuamua hilo katika mkutano mmoja bila barua kwenda ofisi yoyote. Milingoti ni miti miwili ya mita tatu na pete za chuma ambazo fundi wetu yeyote wa kuchomelea anaziweza. Mashirika yakitaka kusaidia, yalete mpira na filimbi, na baadaye mpira wa pili, kwa sababu wa kwanza utatobolewa na miiba.

Siku zenyewe zichaguliwe kwa busara. Ijumaa ni ya msikiti, Jumamosi Wasabato wanasali, Jumapili makanisa mengine. Siku ya kugawa msaada hakuna atakayekuja. Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, jua limepungua na bado kuna nafasi ya kupika kabla ya giza. Msimu wa mvua na kulima muda ubadilishwe, na wasiofika wasitozwe faini. Faini ndiyo iliyoua vikundi vingi vya akiba hapa, na huku itaua mapema zaidi.

Watoto wawe na ratiba yao. Akina mama ishirini wakija, wanne wanabaki na watoto chini ya mti, na wanne wengine safari ijayo. Asiye na mtoto mdogo naye aingie zamu. Kikundi kitakachosema "kila mtu aje na mtoto wake atajua mwenyewe" hakitafika mwezi wa pili.

Jambo dogo la mwisho ni la mpira wenyewe, nani autunze. Usiwekwe ofisini. Ofisi zikifungwa, mwenye ufunguo ameshapanda gari kurudi Lilongwe. Ukae kwa mama anayeishi karibu na kiwanja, na jina lake lijulikane na wote.